Korongo Hupandwa Mwishoni: Uchambuzi wa Siku Moja South Kaibab

Anayepanda Meru au Kilimanjaro huchoka akielekea juu, na akishindwa, njia ya kurudi ni mteremko. Grand Canyon, katika jimbo la Arizona, Marekani, hupindua mpangilio huo. Safari huanzia juu ukingoni, kukiwa bado na baridi na miguu ikiwa mipya. Kazi yenyewe inamngoja mtu wakati wa kurudi, jua likiwa limepanda na mapaja yakiwa yamechoka. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, walisema wahenga. Korongoni, ngoma ni kupanda. Askari wa hifadhi hulazimika kuokoa zaidi ya watu 250 kwa mwaka.

Tulishuka njia ya South Kaibab mwezi Mei, kundi la marafiki wenye nguvu zisizolingana, tukarudi wote salama kabla ya adhuhuri. Ninavyoona, siri haikuwa ukakamavu. Mambo yote mazito tuliyaamua tukiwa bado ukingoni.

La kwanza lilikuwa njia. Bright Angel, jirani yake, ina vituo vya maji katika msimu wa joto. South Kaibab haina maji popote kabla ya kufika mtoni, na kivuli chake ni haba kwa sababu inafuata mgongo ulio wazi kati ya magenge. Lakini ina vituo vinavyotambulika kwa urahisi: Ooh Aah Point karibu kilomita 1.4 kutoka ukingoni, Cedar Ridge kilomita 2.4, na Skeleton Point kilomita 4.8. Kila kimoja ni mahali pa kuulizana hali na, ikibidi, kugeuka. Hata miamba husaidia kupima: juu ni chokaa nyeupe-manjano yenye umri wa miaka milioni 270 hivi, na ukifika Cedar Ridge ardhi imekuwa nyekundu.

La pili, ambalo ndilo kiini, lilikuwa saa ya kugeuka. Hifadhi inashauri watu wasitembee ndani ya korongo wakati wa kiangazi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Inashauri pia kukadiria kwamba kupanda kutachukua mara mbili ya muda wa kushuka. Tulihesabu kwa kurudi nyuma kutoka hapo: tuanze alfajiri mwanga unapopasua, na ifikapo saa moja na nusu tugeuke, popote tutakapokuwa. Kila mmoja aliitamka saa hiyo kwa mdomo wake kabla ya kushuka.

Thamani ya ahadi hiyo ilionekana Skeleton Point. Hapo ndipo mto Colorado unapoonekana kwa mara ya kwanza katika njia hii, na macho hudanganyika kwamba umekaribia. Ukweli ni kwamba bado uko chini kwa zaidi ya mita 800. Miguu haikuwa na malalamiko, hewa ilikuwa tamu, na mmoja wetu alitamani tuendelee kidogo. Mwili unaoshuka hautoi taarifa ya kweli, kwa sababu mteremko huchosha misuli ya mapaja kimyakimya na deni hudaiwa wakati wa kupanda. Kama tungeuliza miguu, tungeendelea. Tuliuliza saa, tukageuka.

La tatu ni maji na chumvi. Kila unaposhuka mita 300, joto huongezeka kwa takriban nyuzi 3 za Selsiasi. Sisi tulishuka kama mita 620, yaani tuliongeza nyuzi 6 kabla jua halijachemsha mawe. Hewa kavu hukausha jasho kabla hujalihisi, hivyo mtu hupoteza maji asijue. Lakini kunywa maji mengi bila kula nako ni hatari: sodiamu ya damu hushuka, kichwa huuma, kichefuchefu huingia, na hali ikizidi mtu huchanganyikiwa. Kwa hiyo kila kituo kilikuwa cha kunywa na kula pamoja: karanga zenye chumvi, biskuti za chumvi, viazi vya kuchemsha. Theluthi moja ya maji ilikuwa ya kushukia, theluthi mbili za kupandia.

La nne ni mwendo. Wakati wa kupanda, mwenye pumzi fupi kuliko wote aliongoza na sisi wengine tukamfuata. Kipimo kilikuwa mazungumzo: asiyeweza kumaliza sentensi bila kuhema, mwendo umemzidi, basi kundi zima linapunguza. Tulipumzika dakika chache kila baada ya nusu saa hivi, miguu ikiwa imeinuliwa. Msafara wa nyumbu wa mizigo ulipopita, tulisimama upande wa ukuta, mbali na genge, tukimsikiliza mwongozaji wao.

Hatua hizi zinafaa kwa korongo lolote la jangwani ambalo mtu huliingia kutoka juu. Zikibidi kupunguzwa, iliyo ya kutoachwa kabisa ni saa ya kugeuka. Maji yanaweza kugawanywa na mzigo unaweza kupokezanwa, lakini mita ulizozishuka kupita kiasi kila mmoja atazipanda kwa miguu yake mwenyewe. Ipangeni saa hiyo ukingoni, mkiwa mmetulia, na aliye mnyonge kuliko wote awe na sauti ya kwanza.