Dhiil na Kigae cha Mkonge

Anayetafuta kompositi (nyenzo ya nyuzi na kitu kinachozishikanisha) isiyoharibu mazingira kaskazini mashariki mwa Kenya asikimbilie maabara kwanza. Aichunguze dhiil, chombo cha maziwa cha wafugaji wa Kisomali, ambacho katika mitaa ya Garissa mjini kama Iftin kimeipisha jerikeni ya plastiki.

Nyuzi za mizizi au magome huviringishwa mzunguko juu ya mzunguko, na kila mmoja ukashonwa kwa ule wa chini yake. Maziwa yanapojaa husukuma kuta nje, nazo nyuzi zimelala kuzunguka chombo, palepale mvuto unapotokea. Mhandisi wa tangi angezilaza hivyohivyo. Zikilowa huvimba na kubana matundu. Kisha chombo hufukizwa kwa vijinga vya miti iliyochaguliwa: masizi na lami ya moshi hujipaka ndani, huku fenoli zake zikizuia bakteria wasizaliane haraka. Jerikeni haistahimili kijinga, lakini ni rahisi, hupangika vizuri kwenye basi, na haihitaji muda mrefu wa kusukwa. Sishangai imeshinda.

Kinachonivutia ni kwamba kinachoziba dhiil hakiziumizi nyuzi zake. Hapo ndipo vigae vya mkonge na saruji vya miaka ya 1980 vilipokwama. Wazo lilikuwa zuri: mkonge tunalima wenyewe, na vigae vingechukua nafasi ya asbestosi. Lakini maji yaliyomo kwenye saruji ni alkali kali, pH yake ikikaribia 13, nayo huyeyusha lignini na hemiselulosi zinazoshikanisha seli za mkonge. Hans-Erik Gram alilieleza hilo nchini Sweden mwaka 1983. Uzi hubaki mkavu na kukatika kirahisi, na kigae kilichokuwa na unyumbufu huwa kama chaki. Kazi kubwa ya mkonge ikawa siku ya kwanza tu, kuzuia kigae kibichi kisipasuke. Waundaji wengi baadaye waliuacha, wakatumia zege laini bila nyuzi.

Njia nyingine ilikuwepo: kupunguza alkali kwa kubadilisha sehemu ya saruji na majivu yenye silika tendaji. Maganda ya mpunga yakichomwa kwa joto lililodhibitiwa hutoa majivu ya aina hiyo, na eneo la mpunga la Mwea halina uhaba wa maganda. Joto likipanda mno, silika hugeuka fuwele na majivu hupoteza nguvu, kwa hiyo moto wa jalalani hautoshi, inahitajika tanuri.