Kung'aa kwa Boti ya Faiba: Kazi Nzuri Hujulikanaje

Fundi akikwambia boti yako imerudi kung'aa, usiende kuikagua saa sita mchana. Jua la Kirumba, hapa Mwanza, likiwa utosini kila kitu kinang'aa, hata bati kuukuu. Nenda asubuhi, mwanga ukiwa bado chini, usimame nyuma ya boti na kutazama ubavu wote hadi mbele. Kivuli cha mtumbwi wa jirani kionekane humo kimenyooka. Kikipinda, au ukiona miduara ya mashine, kazi haijaisha.

Kinachong'aa ni jelikoti, ngozi ya nje yenye unene wa kama nusu milimita tu. Mwanza iko karibu na ikweta, tena zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua hilo huichoma jelikoti mpaka itoe vumbi jeupe. Fundi hodari huliondoa kwa msasa wa maji, namba 800 au 1000 akipanda hadi 2000, ndipo aje na rabingi (dawa ya kusugulia), polishi na mwisho nta. Kila hatua hufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Anayeruka hatua huifukia mikwaruzo kwa nta, au kwa mafuta, na boti ikang'aa siku ya malipo tu.

Kwa hiyo osha kipande kimoja kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kikauke, utazame tena. Pitisha kitambaa cheusi: kisirudi na weupe.

Kisha kagua mkuku na pembe zote, maana hapo ndipo mashine hula sana. Nyuzi za faiba zikichungulia, jelikoti imekwisha, na hakuna polishi ya kuirudisha. Mimi namheshimu zaidi fundi aliyeacha mkwaruzo mmoja mzito kuliko aliyeufuta kwa kumaliza ngozi yote.

Chini, panapokaa majini, usitafute mng'aro, tafuta malengelenge. Maji baridi ya Ziwa Victoria hupenya jelikoti kwa kasi zaidi kuliko ya bahari. Lengelenge likitobolewa na kutoa maji yenye harufu ya siki, boti hiyo inataka kuchongwa, kukaushwa vizuri na kuzibwa kwa epoksi. Fundi mwadilifu atakwambia hayo kabla hajafungua kopo la polishi.