Misemo Iliyozaliwa Sitahani

Ukimsikia Mwingereza akisema atapambana hadi “the bitter end”, usiukimbilie uchungu. Panda kwanza merikebu. Mwaka 1627 Kapteni John Smith, yule wa koloni la Virginia, alichapisha kitabu cha kufundisha ubaharia, na humo akaitaja ncha yenye jina hilo: ni sehemu ya amari, yaani kamba ya nanga, inayobaki ndani ya chombo, karibu na “bitts”, magogo mafupi yaliyokitwa sitahani ambayo kamba huzungushiwa. Nanga ikishatupwa, amari huachiwa kidogo kidogo. Ukiifikia ncha hiyo, huna tena cha kuachia.

Ninachowasifia mabaharia wa matanga ni kwamba hawakukaa chini kutunga maneno matamu. Walitaka neno ambalo mwenzao juu ya mlingoti angelisikia katikati ya dhoruba na kulielewa mara moja.

Mtu aliyepigwa na butwaa, Waingereza husema yuko “taken aback”. Merikebu ya matanga ya pembe nne inakwenda vizuri, mara upepo unageuka, au mshika usukani anazembea kidogo tu. Upepo unayapiga matanga kwa mbele, yanagandamana na milingoti, na chombo kizima kinasita, pengine kinaanza kurudi nyuma. Hapo mlingoti waweza kukatika. Sijaona namna bora ya kueleza mshtuko.

Mlevi naye husemwa yuko “three sheets to the wind”, yaani demani zake tatu, kamba za kushikia tanga, zimeachia. Demani ikifunguka, tanga hupigapiga ovyo. Zikifunguka tatu, chombo huyumba. Msemo huo ulitumika katika kitabu kuhusu maisha ya London, mwaka 1821.

Lakini usimeze kila hadithi. Wapo wanaoapa kwamba “posh”, yaani -a kifahari, ni kifupisho kilichopigwa muhuri kwenye tiketi za abiria wa meli za India. Tiketi yenyewe hakuna aliyewahi kuionyesha.

Ninaoupenda zaidi ni “by and large”, ambao leo maana yake ni kwa jumla. Nahodha wa Lamu angeuelewa bila mkalimani: ni kwenda joshi, tanga limebanwa na chombo kikiukabili upepo, na kwenda demani, tanga limelegezwa na upepo ukisukuma. Si kila chombo kilifanya vizuri kwa namna zote mbili. Kilichoweza yote mawili ndicho nahodha alichokitaka kwa safari ndefu.