Kutambua Kabla ya Kukata: Uchambuzi wa Upasuaji wa Kifuko cha Nyongo

Kifuko cha nyongo ni kiungo kidogo kilichojibanza chini ya ini upande wa kulia, chenye urefu wa sentimita 7 hadi 10 na uwezo wa kubeba mililita 30 hadi 50, na kazi yake si kutengeneza nyongo, kama wengi wanavyodhani, bali kuihifadhi, kuikoleza kwa kuipunguza maji, kisha kuikamua iingie kwenye utumbo mdogo pale mlo wenye mafuta unapofika huko. Kinachoitengeneza nyongo ni ini lenyewe, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku, na ndiyo maana kifuko kikiondolewa mtu huendelea kula na kumeng'enya chakula, kwa kuwa nyongo hutiririka moja kwa moja kutoka ini hadi utumboni bila kupitia ghalani.

Kinachofanya kifuko kiondolewe mara nyingi ni mawe. Nyongo inapozidiwa na kolesteroli hugandamana na kuwa chembe ambazo hukua taratibu. Kwa wagonjwa wa selimundu, wakiwamo watoto, mawe hutokana na mabaki ya chembe nyekundu za damu zinazovunjika mapema kuliko kawaida, jambo lenye uzito katika Afrika Mashariki ambako ugonjwa huo ni wa kawaida. Mawe yaliyotulia bila kuleta dalili kwa kawaida huachwa yalivyo. Jiwe likiziba shingo ya kifuko, huja maumivu makali chini ya mbavu za kulia, aghalabu baada ya mlo wa mafuta, yanayoweza kuenea hadi mgongoni au begani. Likiteremka hadi mrija mkuu wa nyongo, macho huwa ya manjano au kongosho huvimba, na hapo suala linakuwa la dharura.

Kabla ya mwaka 1882 madaktari waliothubutu kugusa kiungo hiki walikipasua, wakatoa mawe na kukiacha, kama alivyofanya John Bobbs huko Indianapolis mwaka 1867. Carl Langenbuch wa Berlin alitoa hoja tofauti, kwamba tatizo ni kifuko kinachozaa mawe, si mawe yaliyomo tu, na Julai 1882 akakiondoa chote. Kwa takribani miaka 100 njia yake haikubadilika sana: mkato mrefu chini ya mbavu, siku kadhaa wodini na wiki nyingi za kujiuguza. Erich Mühe, daktari wa mji wa Böblingen nchini Ujerumani, ndiye aliyekiondoa kwanza kwa kutumia kifaa cha kutazamia ndani ya tumbo kupitia tundu, mwezi Septemba 1985, lakini wenzake walimpuuza, na heshima aliyostahili kutoka kwa chama cha wapasuaji wa Ujerumani ilimfikia mwaka 1992. Philippe Mouret wa Lyon alifuata mwaka 1987, na baada ya hapo njia ilienea Ufaransa na Marekani kwa kasi iliyozidi uwezo wa vyuo kuwafundisha madaktari.

Hatua zenyewe ni hizi. Mgonjwa hupewa nusukaputi, yaani dawa ya kulaza mwili mzima, kisha hupulizwa gesi ya kaboni dayoksaidi tumboni kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, ili ukuta wa tumbo uinuke na kuacha nafasi ya kufanyia kazi. Kamera huingizwa kupitia tundu la karibu na kitovu, na vyombo vingine hupitia matundu matatu madogo, moja chini ya kifua na mawili upande wa kulia, yenye upana wa milimita 5 hadi 10. Kitanda huinuliwa upande wa kichwa na kuinamishwa kidogo upande wa kushoto, utumbo ukateleza na kuachia uwanja wazi. Mrija wa kifuko na mshipa wake wa damu hutenganishwa, hufungwa kwa klipu ndogo za chuma na kukatwa, kisha kifuko hubanduliwa kutoka kitanda chake kwenye ini, na hutolewa kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kazi yote, ikienda vizuri, huchukua saa moja au zaidi kidogo.

Ugumu haumo katika kutoboa wala katika kubandua. Umo katika eneo dogo linaloitwa pembetatu ya Calot, kwa jina la mpasuaji Mfaransa aliyelieleza, ambalo leo huhesabiwa kuwa kati ya mrija wa kifuko, mrija unaotoka kwenye ini na ukingo wa ini lenyewe. Mrija wa kifuko hukatwa. Ule mrija mkuu wa nyongo, unaopita kando yake, haupaswi kuguswa kamwe. Msaidizi huvuta kichwa cha kifuko juu kuelekea bega la kulia, na shingo yake huvutwa kwa koleo jingine kwenda kulia na chini, ili mirija hiyo miwili ipanuliane kama miguu ya ngazi. Shingo ikivutwa juu badala ya pembeni, mirija miwili hulala katika mstari mmoja, na machoni pa mpasuaji mrija mkuu huonekana kuwa mwendelezo wa kifuko. Hapo mkono ulio mahiri kabisa hufunga na kukata kisichopaswa kukatwa, huku mwenye mkono huo akiwa na uhakika kwamba yuko sahihi.

Hili si dhana tupu. Mwaka 2003 Lawrence Way na wenzake wa San Francisco walichapisha uchambuzi wa majeraha 252 ya mirija ya nyongo, wakabaini kwamba katika asilimia 97 chanzo kikuu kilikuwa jicho kudanganyika, si upungufu wa ufundi wa mikono. Jeraha lenyewe ni nadra, lakini takwimu zinazotajwa sana, yaani wagonjwa 3 hadi 5 kati ya 1,000 kwa njia ya matundu dhidi ya 1 au 2 kwa njia ya mkato, zinaonyesha kwamba wepesi wa kupona ulinunuliwa kwa gharama fulani, na aliyejeruhiwa huweza kuhitaji upasuaji mkubwa wa kuunganisha mirija na utumbo.

Jibu lililopata kukubalika zaidi lilitoka kwa Steven Strasberg na wenzake mwaka 1995. Walishurutisha kwamba kisikatwe chochote mpaka mambo matatu yawe yametimia: pembetatu isafishwe mafuta na utando wote, theluthi ya chini ya kifuko ibanduliwe kutoka kwenye ini, na vionekane vitu viwili tu, mrija mmoja na mshipa mmoja wa damu, vikiingia kwenye kifuko. Ubora wa kanuni hii ni kwamba haimtaki mpasuaji aufukunyue mrija mkuu ili kuutambua, jambo ambalo lenyewe ni hatari, bali inamtaka athibitishe kile anachokikata. Kifuko kilichovimba na kugandana na viungo jirani kikikataa kutimiza masharti hayo, mpasuaji ana njia tatu za heshima: kufungua tumbo kwa mkato wa zamani, kuondoa sehemu ya kifuko na kuiacha ile iliyoshikamana na eneo la hatari, au kutoa usaha kwa mrija na kurudi siku nyingine. Mgonjwa aliyelala akitarajia matundu manne akaamka na mshono mrefu hana sababu ya kudhani amefanyiwa vibaya. Mara nyingi uamuzi huo ndio uliomwokoa, na fomu ya ridhaa inapaswa kuutaja wazi kabla hajaitia saini.

Kabla ya siku yenyewe mgonjwa hupimwa damu na kufanyiwa ultrasaundi, na panapokuwa na dalili za jiwe katika mrija mkuu huweza kuhitaji litolewe kwanza kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Hutakiwa kukaa saa 6 bila chakula. Akizinduka, kinachowashangaza wengi ni maumivu ya bega kuliko ya tumbo: gesi iliyobaki husumbua kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ambao mishipa yake ya fahamu inachangia asili na ile ya bega. Maumivu hayo hupungua kwa kutembea na huisha baada ya siku chache. Wengi huruhusiwa siku hiyohiyo au kesho yake na kurejea kazi nyepesi ndani ya wiki moja au mbili. Waliofunguliwa kwa mkato huhitaji wiki 4 hadi 6. Kubeba vitu vizito, ndoo ya maji ikiwa mojawapo, kuahirishwe. Chakula hakihitaji masharti ya kudumu, ingawa mafuta mengi katika majuma ya mwanzo huwaletea baadhi yao kuharisha, na wachache hubaki na hali hiyo kwa muda mrefu. Ikumbukwe pia kwamba kiungulia na tumbo kujaa gesi, visivyotokana na mawe, haviondoki kwa upasuaji huu.

Kipimo cha maendeleo ni rahisi: kila siku inapaswa kuwa nafuu kuliko ya jana. Mgonjwa ambaye maumivu yake yanazidi badala ya kupungua, tumbo likavimba, akapata homa, macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi au choo kikapauka, asisubiri tarehe ya kliniki wala asitulize hali hiyo kwa dawa za dukani. Arudi hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa nyongo inayovuja au mrija ulioumia hutibika vizuri zaidi unapogunduliwa mapema.