Friday the 13th: Muuaji Aliyechelewa Kufika

Filamu za mchinjaji wa msituni zina kanuni chache, na Friday the 13th ya Sean S. Cunningham, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 9 Mei 1980, ndiyo iliyozitawanya duniani. Vijana wanakwenda kambini, mvua inanyesha, simu inakatwa, wanapungua mmoja mmoja, anabaki msichana. Bajeti yake ilikuwa kama dola 550,000, fedha ndogo hata kwa wakati ule, na mapato ya Marekani peke yake yalikaribia dola milioni 40. Hapo hakuna wa kubisha. Ubishi wa watazamaji, uliodumu zaidi ya miaka 40 sasa, unahusu muuaji. Filamu inajidai imemficha, kumbe haikumweka ndani.

Kazi nzuri imo, na haihitaji maneno mengi. Tom Savini, fundi wa madoido, alimchoma Kevin Bacon mshale wa shingo kutoka chini ya kitanda. Bomba la damu liliponasuka, msaidizi wake Taso Stavrakis alilipuliza kwa mdomo na shoti ikaokolewa. Harry Manfredini alitunga muziki unaosikika pale tu muuaji yuko karibu, kwa hiyo mizaha ya vijana inapita kimya na mtazamaji hatapeliwi. Kambi ni ya kweli, ya maskauti huko New Jersey.

Baada ya hapo linafuata kosa. Filamu ina dakika 95. Mama Jason, aliyechezwa na Betsy Palmer, anaonyesha uso zikiwa zimebaki kama dakika 20, na watu tisa wameshakufa. Anashuka kwenye jeep amevaa sweta, anamwambia Alice, msichana aliyebaki, kwamba yeye ni rafiki wa zamani wa akina Christy wenye kambi, na punde anasimulia jinsi mwanawe Jason alivyozama mwaka 1957 huku vijana waliopaswa kumwangalia wakifanya mapenzi. Simulizi haijapoa, kisu kimeshatoka. Mtu anatambulishwa, anapewa sababu ya kuua na anashambulia, yote katika kikao kimoja. Mtazamaji aliyekuwa akipiga hesabu tangu mwanzo, akimshuku Steve Christy, akimshuku mzee Ralph na baiskeli yake, anaambiwa jibu ni mama mmoja ambaye hajawahi kumwona. Kitendawili kimetegwa, lakini jibu lake liliachwa nyumbani.

Linaloudhi zaidi ni kwamba nafasi zilikuwepo, na za bure. Mwanzoni Annie, mmoja wa vijana wa kambi, anaingia kwenye mgahawa wa mji akiwa na begi mgongoni, anauliza njia ya Camp Crystal Lake, na waliomo wanageuka kumtazama. Kwenye kipande hicho mwanamke mwenye sweta angeweza kukaa mezani na kikombe chake, asiseme neno, na kazi ingekuwa imekwisha. Nafasi ya pili ni usiku wa mvua, Steve Christy anapokula mgahawani na kupiga soga na mhudumu. Nafasi ya tatu iliharibiwa kwa makusudi: Steve anarudi kambini kwa miguu, anamulikwa tochi usoni, anamtambua aliyeishika na kumwongelesha kama mtu anayemfahamu, kisha anachomwa kisu. Steve anamjua muuaji. Ralph hakosi kumjua. Mama huyo anasema mwenyewe kwamba alikuwa mpishi wa kambi. Mji mzima unamjua isipokuwa mtu aliyelipa kiingilio.

Mtazamaji wa Morogoro ana sababu ya ziada ya kukasirika. Njia ya kutoka mjini kwenda Morningside, kwenye milima ya Uluguru, inapanda katikati ya migomba na nyumba za watu. Anayeshuka na ndizi au mboga kichwani anakutana na anayepanda, na salamu haina njia ya kuikwepa. Mgeni hafiki mbali kabla haijajulikana katokea wapi na anakwenda kwa nani. Kwa hiyo wazo la mlima kama mahali pasipo na mtu, ambalo filamu za aina hii zinalibeba kutoka Marekani, halisimami Uluguru, kwa sababu mashamba yanapanda karibu mpaka kwenye mipaka ya hifadhi. Hata vinavyotisha milimani humo vinafahamika. Pango la Kolelo lilikuwa na sifa mpaka Uzaramo, watu wakilifuata kwa ajili ya mvua na mazao, na kila aliyekwenda alijua anakwenda kwa nani. Mahali pa namna hiyo, wa kuogopwa ni mtu aliyekwisha kusalimiwa asubuhi. Crystal Lake ni mji mdogo wa aina hiyohiyo, lakini mwandishi wa hadithi, Victor Miller, hakuutumia.

Watetezi wa uamuzi huo wapo, na hoja zao zinastahili kusikilizwa kabla ya kukataliwa. Wanasema dalili ilitolewa: dereva wa lori anayempa Annie lifti anataja mtoto aliyezama mwaka 1957 na vijana wawili waliouawa mwaka uliofuata. Ni kweli, anataja. Lakini hamtaji mama, na mtoto asiye na jina hamfikishi mtu kwa mpishi asiye na sura. Wanasema pia kuna mtego wa magari: muuaji anaendesha jeep na Steve anaendesha jeep, hivyo shaka inamwangukia Steve. Mtego huo ni mzuri, ila mtego wa kumpoteza mtazamaji una maana pale tu njia sahihi nayo ipo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: mwaka 1980 hakuna aliyetarajia mchinjaji awe mwanamke wa makamo, tena Betsy Palmer, ambaye Wamarekani walizoea kumwona kwenye vipindi vya televisheni akitabasamu. Mshtuko huo ni halali kabisa. Ungekuwa mara mbili zaidi kama angeonekana akitabasamu kwenye dakika ya kumi.

Kisingizio cha fedha nacho hakisimami. Palmer alilipwa dola 1,000 kwa siku kwa siku kumi, na inafahamika kwamba alikubali kwa sababu alihitaji gari jipya. Siku kumi zinatosha kumkalisha mgahawani kwa shoti moja. Badala yake, katika baadhi ya mauaji aliyesimama nafasi ya muuaji ni Stavrakis, na hata Mama Jason anapokatwa kichwa kando ya ziwa, mikono inayokunjakunja vidole ni ya Stavrakis, ina nywele, na kila aliyerudisha mkanda nyuma ameiona. Kumficha mtu kwa mikono ya mtu mwingine ni ujanja wa rejareja. Ndiyo maana watazamaji wanauliza bado mama huyo alipata wapi nguvu za kumrusha Brenda, kijana mwingine wa kambi, dirishani.

Wazee wa kazi hii hawakufanya hivyo. Katika Psycho ya mwaka 1960, Alfred Hitchcock anamkalisha Norman Bates mbele ya mgeni wake, Norman anamlisha mikate na maziwa, anazungumza naye kirefu, na bado mwisho unashtua. John Carpenter katika Halloween ya mwaka 1978 anamsimamisha Michael Myers karibu na ua mchana kweupe. Kwa Kiswahili, Muhammed Said Abdulla alishaweka kiwango tangu Mzimu wa Watu wa Kale: mpelelezi Bwana Msa anavuta kiko chake na kupanga vitu ambavyo msomaji naye ameviona. Bwana Msa hana la kufanya na mhalifu aliyeingia kitabuni ukurasa wa mwisho.

Filamu za kutisha za Bongo, kwa makosa yake mengi, hili la kumpa adui uwepo zimelielewa mapema. Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na baadaye Shumileta, miaka ya mwanzo ya 2000, kitisho kiliandikwa kwenye kava. Aliyelipa kwenye kibanda umiza alijua anakuja kumwona nani. Zilichokosa filamu za kipindi kile ni mambo mengine: usiku unaomulikwa kama ukumbi wa harusi, magari yanayoonyeshwa yakiegeshwa mpaka injini izimwe, na ule ubaya mkubwa kuliko yote wa kuikata hadithi vipande viwili ili sehemu ya pili inunuliwe peke yake. Hofu haiwezi kusubiri mpaka mshahara wa mwezi ujao. Soko lile lilikufa na kilio chake kilikuwa kifupi.

Upande wa msitu wenyewe, kipimo sahihi ni Just Before Dawn ya Jeff Lieberman, ya mwaka 1981, iliyopigwa Silver Falls huko Oregon. Nayo ilikuwa ya fedha kidogo. Muuaji anaonekana mapema, mtazamaji anadhani amemjua, kisha inabainika kwamba wako wawili, mapacha, na siri inafunguliwa hadithi ikiwa bado na nguvu ya kuitumia. Maporomoko na miti mirefu vinafanya kazi ambayo kwa Cunningham ilifanywa na visu. Watazamaji wengi wa aina hii ya filamu huipa heshima kuliko ile iliyotajirika, na hawakosei.

Matokeo ya uamuzi wa mwaka 1980 yanaonekana kwenye filamu zilizofuata. Sehemu ya pili, ya mwaka 1981, ilimkabidhi Jason panga. Ya tatu, ya mwaka 1982, ikamvalisha kinyago cha mchezo wa magongo ya barafuni, na mama yake akawa tanbihi. Sehemu ya tano, ya mwaka 1985, ilijaribu tena muuaji wa siri na safari hii ikamwonyesha mapema, mtu wa gari la wagonjwa akiitazama maiti ya mwanawe. Watazamaji waliichukia kwa sababu hakuwa Jason. Haki ilitendeka baada ya miaka mitano, mahakama ikiwa imeshafungwa. Kisha mwaka 1996, kwenye Scream iliyoandikwa na Kevin Williamson, msichana anaulizwa kwa simu muuaji wa Friday the 13th ni nani. Anajibu Jason. Amekosea, na kosa hilo linagharimu maisha ya mpenzi wake, kisha naye anauawa. Swali hilo lilifaa kuwa mtego kwa sababu moja tu: mamilioni walioiona filamu wangejibu vilevile.

Somo la kazi linabaki kwa atakayepandisha kamera Uluguru. Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, imepunguza muda wa kuwafikisha watu. Upande wa mashariki wa milima unapata mvua nyingi kuliko wa magharibi, na ukungu wa juu unaficha vitu mchana bila kukodi taa hata moja. Kibali cha kuingia hifadhini ni cha Wakala wa Huduma za Misitu. Muuaji naye aonekane kabla ya dakika ya kumi na tano, dukani au njiani, uso wazi, aitikie salamu kama wengine. Atakayeshindwa kumtisha mtu baada ya hapo asitafute wa kumlaumu kwenye bajeti.