Sweet Home 3D: programu ya bure isiyolijua tofali lako

Unataka kuvunja ukuta wa sebule, kuongeza choo cha ndani, na fundi ameshaanza kuuliza, "Ramani iko wapi?" Kabla hujalipia programu yoyote, jaribu Sweet Home 3D. Ipo tangu 2006, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ikishaingia kwenye kompyuta haili bando. SketchUp ya bure ina uhuru zaidi wa kuchora maumbo, ila inafanya kazi ndani ya kivinjari. Mtandao ukikata, kazi imelala.

Sasa tuikosoe, maana bure si sababu ya kunyamaza.

Ukuta inaokupa mwanzoni una unene wa sm 7.5. Huo si ukuta wetu. Tofali la inchi 6 ni kama sm 15, na ukipiga plasta pande zote mbili unakaribia 18. Sentimita kumi ni nini? Twende na hesabu. Programu inachora ukuta kwa kufuata mstari wa katikati ya unene wake. Kwa hiyo chumba ulichokichora mita 3 kina sm 292.5 ndani kwa ukuta wa 7.5, lakini sm 282 kwa ukuta wa 18. Toa kitanda cha futi 6 (sm 183), toa kabati lenye kina cha sm 60. Kwenye kompyuta umebakiwa na sm 49.5; kwenye nyumba, 39. Mlango wa kabati wa sm 45 hapo haufunguki, na seremala ameshalipwa nusu. Badilisha unene kwanza, ndipo uchore.

Inachofanya vizuri sana ni jua. Unaiwekea latitudo na longitudo, tarehe na saa, inakuchorea vivuli. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini: adhuhuri ya mwishoni mwa Juni jua liko upande wa kaskazini, kama nyuzi 30 kutoka utosini, Desemba limehamia kusini, kama 17 tu. Dirisha la kaskazini lenye urefu wa mita 1.2, paa likianzia usawa wa juu wake, linataka paa litokeze kama sm 70 ili kulikinga lote. La kusini, sm 36 zinatosha. (Mafundi wengi hutokeza paa sawasawa pande zote!)

Ila mzigo haiujui kabisa. Futa ukuta wowote, dari linabaki limeelea, hakuna onyo. Kama ukuta huo umebeba zege la ghorofa au kenchi za paa, programu haina habari. Mwite mhandisi auone kabla nyundo haijapanda.