Raba Ndogo ya Kegi

Gesi ikivuja kwenye kegi haionekani wala hainuki. Mtengenezaji bia wa nyumbani huko Marekani hulala mtungi wake umejaa kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi, akaamka mshale wa geji uko kwenye sifuri. Ndiyo maana anayeijua kazi haunganishi mpira wa gesi kwenye kegi akaenda zake. Hupaka maji ya sabuni kwenye kifuniko na kwenye viungio viwili vya juu, kisha huinama kungoja povu, kama fundi baiskeli anayetafuta pancha kwenye karai.

Kegi hizi zilikuwa za soda. Ni za chuma kisichoshika kutu, lita 19 hivi, kazi ya viwanda kama Cornelius wa Anoka, Minnesota. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyowaruhusu watu kupika bia nyumbani bila kulipa kodi. Kampuni za soda nazo zilipohamia mifuko ya plastiki ndani ya maboksi, kegi zikamwagika sokoni kwa bei ya chee.

Waliozibuni waliufikiria mkono wa mtu mwenye haraka. Kegi za Coca-Cola zina pini mbili upande wa gesi na tatu upande wa kinywaji, hivyo hata gizani kidole kinajua kimeshika nini. Kwenye zile za Pepsi, nati ya upande wa gesi imetiwa pengo dogo pembeni. Asiyelitazama hukandamiza kiungio kisicho chake, kikanasa. Kifuniko nacho, chenye umbo la yai, huingizwa ndani na kukaa chini ya mdomo wa kegi, ili gesi yenyewe ikisukume juu na kukibana. Kwa hiyo fundi huanza na shinikizo kubwa mpaka raba ikae, ndipo hulipunguza. Akili iliyoje hiyo, kumfanya anayetaka kutoroka awe ndiye mlinzi wa mlango!

Kazi inayobaki ni ya raba. Kuukuu hutolewa zote, kwa kuwa hushika harufu ya soda na kuihamishia kwenye bia. Mpya hupakwa grisi ya silikoni inayofaa kwa vyakula, kidogo tu. Mafuta ya mgando ya petroli huharibu raba nyingi.

Siku hizi kegi ikivuja, wengi hukimbilia spana, wakakaza mpaka uzi wa nati ukafa. Wengine huagiza kegi mpya, na ile ya zamani, ambayo chuma chake hakina hata tundu, ikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kukosa raba ya senti chache. Zile za pini ndizo zinazoadimika zaidi, na baadhi ya wenye nazo hufungua kegi zilizokufa ili wapate vipuri vya zilizo hai.